Bilauri za Wageni

Hodan alifika juzi Jumanne kutoka Bute, na ana siku nne za kukaa nami kabla hajarudi kwenye mifugo yake. Binti yangu ni daktari wa ngamia na mbuzi. Hii ni mara yake ya pili kuja nyumbani tangu tumzike mama yake. Nilisikia gari likimshusha langoni, nikasikia akivua viatu barazani, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimesimama mbele ya kabati la vioo nashusha bilauri yenye ukingo wa dhahabu, moja ya zile sita za marehemu mke wangu Dekha ambazo sasa zimebaki nne. Nikaisuuza, nikaijaza chai ya maziwa yenye hiliki, nikaiweka kwenye sinia pamoja na tende, nikamletea pale alipokaa. Alikunywa taratibu. Nilimuuliza habari za njia, akasema njema. Za kazi, njema, alhamdulillahi. Naye akaniuliza habari za mguu wangu, nikasema mguu ni mzima kabisa, na mguu huu haujanipa usingizi tangu mwezi wa Ramadhani. Mara ile ya kwanza ilikuwa hivi hivi: siku nne za chai na habari njema, akaondoka bila kuniuliza mama yake alikufa vipi. Nilitazama bilauri mkononi mwake, na woga ukanishika. Woga huo naujua. Ni wa mwaka ule Hodan alipokuwa na miaka mitatu na mimi ishirini na saba, mwaka niliokaribia kuipoteza nyumba hii nikiwa nimekaa ndani yake, nakula nyama.

Mwaka huo nilikuwa nimekabidhiwa trela kwa mara ya kwanza, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Tulikuwa tukipakia Mombasa, sukari na unga na mafuta ya kupikia, tunapita Garissa, kisha tunashika njia ya kaskazini hadi Wajir na Bute. Lami iliishia Garissa, mjini kwetu. Mbele ya hapo ilikuwa mchanga, na mvua ikinyesha ni tope ambalo liliweza kutuweka wiki nzima mahali pamoja, mimi na mwenzangu Mutua, tukiangaliana. Mutua alikuwa Mkamba wa Mwingi, dereva mzuri kuliko mimi, ingawa wakati huo nisingelisema hilo hata kwa viboko. Kiswahili changu nilikipata kwake na kwa barabara, ndiyo maana nayaandika haya kwa Kiswahili ingawa nyumbani tunasema Kisomali. Safari moja ilikula majuma matatu, mara nyingine manne. Kisha trela likaingia yadi kukaguliwa, nami nikapewa siku nne za nyumbani, siku nne nilizoziota tangu Wajir na ambazo sikujua la kuzifanyia nikishazipata.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili na jiko la mabati uani. Chumba cha mbele kilikuwa na magodoro mekundu ya kukalia yaliyozunguka kuta tatu, zulia katikati, na lile kabati la vioo ambalo Dekha alilileta kutoka kwao Kotile alipoolewa, likiwa limefungwa kwa kamba juu ya lori la ng'ombe. Ndani yake zilikaa bilauri sita zenye ukingo wa dhahabu, na hazikutoka isipokuwa kwa wageni. Nikifika, ubani unafukizwa. Naletewa maji ya kunawa, kisha chai kwenye mojawapo ya bilauri hizo, kisha anjera zenye samli na sukari, na adhuhuri pasta yenye mbavu za mbuzi na ndizi pembeni. Siku ya kuondoka nilifungiwa kopo la nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaangwa ikakauka na kulazwa ndani ya samli. Nikinyanyuka kuchukua maji, Dekha ameshanyanyuka. Nikisema mlango unalia bawaba, ananiambia pumzika tu, utashughulikiwa. Madereva wengine walikuwa wakilalamika njia nzima juu ya wake zao, huyu anadai hiki, yule ana mdomo, mimi nikijisifu kwamba kwangu hakuna hata sauti ya juu.

Lakini sikuweza kutulia. Siku ya kwanza nililala mpaka alasiri, na Dekha alisema hata usingizini mguu wangu wa kushoto ulikuwa ukikanyaga klachi. Siku ya pili nilikaa kwenye godoro nikahesabu maua ya zulia, nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Gari kubwa likibadilisha gia kule barabarani, shingo inageuka yenyewe. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nimeshapata sababu ya kwenda yadi, mara kugonga matairi kwa chuma nisikie kama yamejaa, mara kuangalia oili niliyoiangalia jana. Hapo nikapanda ndani ya kichwa cha trela, nikakaa nyuma ya usukani injini ikiwa imezimwa, na moyo ukatulia. Nilikuwa nikimwambia Mutua kwamba nyumbani kuna joto. Mutua alinitazama tu, akaniuliza kama joto hilo lina jina.

Hodan hakunikaribia. Alikuwa mtoto mwembamba mwenye kelele nyingi, lakini nikiingia chumbani kelele zilikatika. Alisimama nyuma ya mama yake, akanyoosha mkono kunisalimia, akaniita adeer. Adeer ni baba mdogo, na ndilo jina ambalo mtoto wa kwetu humwita mwanamume yeyote wa heshima anayevua viatu barazani. Dekha alicheka kidogo, akamwambia, "Huyu ni aabo, hooyo. Sema aabo." Aabo ni baba, na hooyo ni mama, neno ambalo mama wa kwetu humwita pia mwanawe. Mtoto akasema aabo, na baada ya dakika mbili nikawa adeer tena. Nilijiambia ni utoto. Nilimletea peremende kutoka Mombasa, akazipokea kwa mikono miwili na kunishukuru vizuri, kama wanavyofundishwa kuwashukuru wageni.

Niliona yote hayo kwa macho yangu na sikuelewa hata moja, mpaka safari moja karibu na mwisho wa mwaka. Ilikuwa siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nimejilaza chumba cha ndani, dirisha likitazama uani, na Dekha alikuwa akipepeta mchele huku akizungumza na jirani yetu, Mama Shukri, mama mmoja mnene mwenye punda wa kuuza maji, ambaye ukuta wa ua ulimfika kifuani tu, kwa hiyo hakuna alichokosa kuona.

"Niazime sufuria yako kubwa kesho," Dekha alisema. "Nina mgeni."

"Bado yupo? Safari hii amekaa."

"Ataondoka kesho inshallah, adhuhuri, na msafara wa polisi."

"Na habari ya mtoto umemwambia?"

"Habari gani?"

"Ya hospitali, Dekha."

Ungo ulisimama, kisha ukaendelea. "Nani humwambia mgeni shida za nyumba? Anywe chai yake aende salama. Nikimwambia atafanya nini, ashike usukani huku akilia?"

Nilijiuliza mgeni gani huyo, nikatazama nje kama kuna viatu vya mtu barazani. Vilikuwa viatu vyangu peke yake. Kwa desturi yetu mtu akitoka safari anapewa maji, kisha chai au maziwa, kisha chakula, na hakuna anayemwambia jambo zito. Hapewi kazi wala hakemewi, na watu wa nyumba hawagombani mbele yake. Na hakuna anayethubutu kumuuliza ataondoka lini, maana kumuuliza hivyo ni kumfukuza. Nililala pale nikikumbuka kwamba kwa mwaka mzima mke wangu hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini. Nilikuwa nikidhani ni heshima, na kweli ilikuwa heshima.

Nilitoka uani miguu mitupu. Mama Shukri akazama nyuma ya ukuta. "Hospitali gani?" niliuliza. Dekha akaniambia kwa sauti ile ile laini, kama anayeeleza bei ya sukari. Hodan alishikwa na homa, akapata degedege, akalazwa siku sita akiwekewa maji ya mshipa. Siku mbili kati ya hizo hakufungua macho. Wiki hiyo mimi nilikuwa Bute tunashusha magunia, na nakumbuka vizuri jinsi mimi na Mutua tulivyochinja mbuzi kwa sababu tu tope lilikuwa limekauka.

"Mimi ni baba yake," nilisema.

"Ndiyo," alisema. "Nikuletee chai?"

Angenipiga kofi ningelivumilia. Ile chai ndiyo iliyonimaliza. Nilirudi chumbani nikakaa kwenye godoro jekundu, nikaona haya, na haya yakageuka hasira. Usiku kucha nikapanga kwamba kesho, kabla ya msafara kuondoka, nitaonyesha nyumba hii ina mwenyewe.

Asubuhi nikaanza kuzunguka ua nikitafuta kilichoharibika, na nikaona tangi la maji. Mifereji ya mtaa wetu ilikuwa imekauka wiki nzima, na maji yote ya nyumba yalikuwa mle, tangi jeusi juu ya mawe, na koki yake ya plastiki ikidondosha tone tone kwenye ndoo. Nikaenda kwenye mfuko wangu wa vifaa nikaleta spana ninayokazia nati za magurudumu. Nani asiyejua kitakachotokea? Mimi, dereva wa magurudumu ishirini na mawili. Nilikaza mara moja, nikakaza mara ya pili, koki ikakatika, na maji ya siku saba yakanirukia kifuani. Niliziba kwa kiganja, nikaziba kwa shuka, nikaziba kwa mgongo. Hodan alikuja mbio akaanza kurukaruka kwenye tope akipiga kelele za furaha, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kelele zake zisikatike aliponiona.

Dekha alitoka jikoni mikono imejaa unga. Alitazama tangi, akanitazama mimi na spana yangu.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nakaza koki. Ilikuwa inadondosha."

"Inadondosha ndani ya ndoo! Niliweka ndoo! Miaka miwili naweka ndoo na maji hayo ndiyo naoshea vyombo! Warya, nani alikuita kwenye tangi langu?"

Warya ni neno la kumwita mtu wa kiume usiyemjali sana, na mke hamwiti mumewe hivyo. Mama Shukri alikuwa ameshachomoza juu ya ukuta mpaka kifuani. Dekha hakujali. Yalimtoka yote, na yalikuwa mengi: Idd mbili nilizokosa, mabati ya jiko yaliyoezuliwa na upepo akayafuata mwenyewe mtaa wa tatu, mtoto akitetemeka mikononi mwake ndani ya gari la kukodi, daktari akiuliza baba yuko wapi na yeye akisema yuko njiani, siku sita akisema yuko njiani. "Na unakuja," alisema, "unakaa kwenye godoro unatazama mlango! Siku ya kwanza tu unatazama mlango! Basi nikasema, mtu anayetazama mlango nimpe nini? Nimpe chai!" Kisha akalia, na unga ukampaka usoni alipojifuta. Nami nililia. Sioni sababu ya kuficha, maji yalikuwa yamenilowesha kila mahali.

Hapo honi ikalia nje. Mutua alikuwa amekuja na trela kunichukua, maana msafara ulikuwa unatoka adhuhuri, na gari lililokosa askari wa kulisindikiza lililala mjini mpaka kesho yake. Aliingia uani akakuta bwawa. Dekha akamgeukia, na kwa kuwa ni Mutua akasema Kiswahili, kile chake cha sokoni.

"Mutua, wewe ngoja. Dereba anaenda kuleta maji."

"Mama, magari inajipanga saa hii kwa daraja. Mzigo ya watu…"

"Mzigo iko bale bale, haiendi mahali. Hata mimi mwaka msima nimengoja, sijakufa." Kisha akanitazama mimi. "Chukua punda wa Mama Shukri. Tangi lijae."

Mutua alinitazama. Nilijua tajiri wetu mwenye trela angechemka, na nilijua kwamba nikipanda trela sasa hivi Dekha atafuta uso, atanifungia kopo la nyirinyiri, ataniombea dua ya safari, na nikirudi nitapewa bilauri yangu ya dhahabu mpaka nizeeke. Nikamwambia Mutua msafara utatuacha. Akaenda kuzima injini, akarudi akakaa kivulini, akaomba chai.

Huyo punda hakunitambua kama dereva. Hakuwa na gia wala breki, na nilipomchapa kidogo alisimama katikati ya njia ya soko akafikiri. Nilimbembeleza kwa Kisomali, nikamtukana kwa Kiswahili. Wauza mirungi wakasimama kunitazama. "Dereba! Trela imesaa nini hii?" mmoja akaita, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hodan alikuwa amekaa juu ya mkokoteni katikati ya mitungi mitupu, mama yake alimpandisha bila kuniuliza, na ni yeye aliyenionea huruma. "Adeer, usimpige," alisema. "Mpapase sikio hili. Anaitwa Shahidi." Nikampapasa sikio hilo. Punda akaondoka.

Tulikwenda mtoni mara tano. Katika safari ya tatu, jua likiwa kichwani, tuliona vumbi la msafara likipanda upande wa kaskazini, malori kumi na kitu na gari la polisi mbele, na mguu wangu wa kushoto ukashtuka wenyewe. Hodan aliyatazama, akanitazama mimi. Aliuliza, "Wewe unakaa kwetu?" Aliuliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kujua tu. Nilijibu ndiyo, nakaa kwenu. Akafikiri kidogo. "Basi kesho tumpe Shahidi maganda ya tikiti," alisema, na hakuniita chochote, si adeer wala aabo, na mimi niliona hiyo ni hatua kubwa.

Tulipomaliza, koki ikiwa imezibwa kwa kipande cha tyubu ambacho Mutua alikifunga vizuri kuliko ambavyo ningeweza, Dekha aliniletea maji ya kunywa. Aliyaleta kwenye kikombe cha plastiki cha kijani ambacho mpini wake uliungua jikoni zamani, kikombe cha kila mtu. Kilinuka sabuni. Alinisimamia nikinywa, mkono kiunoni, uso bado umekunjwa.

"Utaondoka lini?" aliuliza.

Nilikaa na swali hilo mdomoni pamoja na maji. "Kesho, na msafara."

"Na utarudi lini?"

Sikugeuka malaika. Niliendesha kwa miaka ishirini na mmoja zaidi, na mpaka leo lori likibadilisha gia nashtuka. Lakini baada ya siku hiyo nilikuwa na kazi zangu uani, na makosa yangu yalisomwa kwa sauti, na bilauri zile nilizinywea mara moja tu, kwenye harusi. Hodan alianza kuniita aabo siku ambayo siikumbuki, kwa sababu sikuwepo nikiingojea. Hata hivyo angalia mtu alivyo mjinga. Dekha aliugua siku tisa. Kila Hodan alipopiga simu kutoka Bute nilimwambia mama ana homa ndogo, yuko sawa, fanya kazi yako. Nilijiambia mtoto yuko mbali, mvua imekata barabara, akijua atafanya nini, atajitupa kwenye tope huku akilia? Dekha mwenyewe alinikataza kusema uongo huo, na mimi nikausema. Akafa Alhamisi, tukamzika Alhamisi hiyo hiyo kama inavyotakiwa, na Hodan akafika Jumapili.

Basi juzi nilimpokonya binti yangu ile bilauri kabla hajaimaliza. Nilikwenda jikoni nikamimina chai iliyobaki kwenye kikombe cha plastiki, si kile cha kijani, hicho kilikufa zamani, cha bluu, nikarudi nacho nikampa.

"Hodan," nilisema, "utaondoka lini?"

Alishtuka. Hilo swali halisemwi. "Aabo, unanifukuza?"

"Nakuuliza utaondoka lini, na utarudi lini. Na mguu wangu ni mgonjwa, nilikudanganya. Na kuhusu mama yako nilikudanganya."

Alikiweka kikombe chini na kuanza, polepole kwanza, halafu kwa sauti iliyojaza chumba na kuvuka ukuta, mkono kiunoni, neno kwa neno kama mama yake. Siku tisa! Mimi ni nani kwako, siku tisa? Kuna gari la jeshi lilipita Bute siku ya tano, ningelipanda, ningelimuona! Nilikaa kwenye godoro nikakemewa, sikujitetea, na macho yangu hayakwenda mlangoni hata mara moja. Alilia sana, nikamshika. Alipotulia alionja chai yake, akakunja uso.

"Imepoa," alisema. "Nenda ukaipashe."